Nimeandikiwa altrasaundi ya bega, na mimba sina

Daktari, salaam kutoka Tanga.

Mimi ni mama wa miaka 53, kazi yangu ushonaji. Tangu mwishoni mwa mwaka jana bega langu la kulia linauma. Lilianza kidogokidogo, sikuanguka wala sikubeba kitu kizito. Nikasema ni cherehani hiyo, nikapumzika, wapi! Sasa mkono haupandi. Sidiria nafungwa na binti yangu. Kitana hakifiki kisogoni, nywele nimeamua kuzikata fupi. Usiku ndio balaa, nikilalia upande ule naamka machozi yananitoka.

Nilikwenda hospitali nikapigwa eksirei, wakaniambia mifupa safi, nikapewa vidonge vya maumivu nikarudi nyumbani. Rafiki yangu akanipeleka kwenye kliniki ya viungo mtaani, wakasema wana altrasaundi ya kutibu. Wananipaka jeli, wanazungusha kichuma begani dakika chache, naambiwa nirudi kesho. Hela imekwenda nyingi. Joto nililisikia, nafuu sikuiona.

Nikarudi hospitali. Safari hii nilimkuta daktari kijana, akaniandikia altrasaundi ya bega, akasema majibu yakija wataangalia kama wanichome sindano. Nilicheka mwenyewe. Altrasaundi si ya wajawazito? Nikamwambia kama ni hiyo nimeshafanya, akasema ile siyo. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, nikaona aibu kuuliza zaidi.

Sasa shemeji anasema nisipoteze muda, niende Dar nikapige MRI. Jirani anasema sindano za kwenye kiungo zinaozesha mfupa. Na mimi nina kisukari, nimesikia sindano hizo zinapandisha sukari. Nimsikilize nani?

Halafu mume wangu goti lake limevimba kwa nyuma, kama kuna yai limekaa pale. Naye apime altrasaundi?

Mama Cherehani, Tanga

*

Mama, shikamoo, na pole sana. Maumivu ya bega ya usiku yanamchosha mtu kuliko wenzake wanavyodhani, kwa sababu mchana anaonekana mzima.

Msikilize daktari kijana. Aibu umeona bure. Swali lako ndilo ambalo wagonjwa wengi wanatoka nalo hospitali bila kuliuliza. Tatizo ni kwamba jina altrasaundi linabeba kazi tatu: kuna ya kutazama, kuna ya kuongoza sindano, na kuna ya kupasha joto. Wewe umelipia ya tatu, na hospitali wanataka ya kwanza.

Altrasaundi ni sauti tu, ila nyembamba mno kwa sikio la binadamu. Mashine ya kutazama inatuma sauti mwilini, sauti inagonga nyama, maji na mfupa, inarudi, na kompyuta inachora picha kutokana na mwangwi huo. Haina mionzi kama eksirei. Kuhusishwa kwake na ujauzito ni kwa sababu huko ndiko ilikopata umaarufu. Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha kwenye jarida la Lancet picha za uvimbe wa tumboni na za mtoto aliye tumboni. Mwaka huohuo daktari mwingine, Karl Dussik, mzaliwa wa Austria, alichapisha na wenzake vipimo vya sauti hiyo kwenye tishu za viungo. Kwa hiyo viungo havikudandia gari la wajawazito, vilianza safari nalo.

Ile ya kliniki ya mtaani haina jicho. Kumbuka vizuri: kulikuwa na kioo cha kuonyesha picha? Ulipewa ripoti? Bila shaka hapana. Kile kichuma cha mviringo kinatuma sauti ya mitetemo milioni 1 au 3 kwa sekunde ili kupasha joto nyama za ndani, basi. Kwa maumivu ya bega ushahidi wake ni dhaifu. Palipoonekana manufaa ni kwa watu wenye chokaa kwenye kano za bega (kamba zinazoshikiza misuli kwenye mfupa), tena manufaa ya muda mfupi, na wewe hakuna aliyejua kama una chokaa kwa kuwa hakuna aliyetazama. Sisemi walikutapeli. Tiba hiyo inafundishwa vyuoni na ipo hospitali nyingi. Ila mtu kukuuzia joto siku baada ya siku bila kukupa zoezi hata moja la kufanya nyumbani, hilo mimi silikubali, na ningekushauri usiongeze hata shilingi.

Twende kwenye hiyo ya kutazama. Eksirei inaona mfupa. Bega la mtu, hasa wa umri wako, mara nyingi linaumia kwenye vitu ambavyo eksirei inavipita kama hewa: kano nne zinazolizunguka, vifuko vidogo vya maji vinavyozuia msuguano, na mfuko mgumu unaofunika kiungo chenyewe. "Mifupa safi" ilikuwa kweli. "Huna tatizo," kama ndivyo walivyokuambia au ndivyo ulivyoelewa, haikuwa kweli. Altrasaundi inaziona kano hizo, na kwa kano iliyokatika kabisa uwezo wake unakaribiana na wa MRI (mashine kubwa ya picha inayotumia sumaku) iwapo aliyeishika mashine anajua kazi yake.

Siku ya kipimo utakaa kwenye kiti kisicho na egemeo, bega wazi, kwa hiyo vaa blauzi ya kufungua mbele au jifunge khanga. Utapakwa jeli ya baridi. Kifaa atakachokushikia kinapaswa kuwa kile chenye uso ulionyooka. Kile kilichopinda ni cha tumbo. Cha tumbo kinatumia sauti nzito inayofika mbali, na cha bega kinatumia nyembamba zaidi, mitetemo kati ya milioni 7 na 18 hivi, ambayo haifiki mbali lakini inaonyesha vitu vidogo sana karibu na ngozi. Utaambiwa uweke kiganja pajani kikiangalia juu, kisha uzungushe mkono nje, halafu upeleke mkono nyuma kama unayeutia kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Hapo kwako patakuwa na kazi, najua. Mwambie mapema kwamba mkono haufiki, asiulazimishe. Atatafuta namna nyingine. Kisha atakuambia uinue mkono pembeni huku anatazama kano inavyopita chini ya mfupa wa juu ya bega. Hili MRI haiwezi: picha yake inapigwa umelala, hutikisiki.

Kano nzima kwenye kioo inaonekana kama nyuzi za katani zilizochanwa zikapangwa, nyeupe na zenye mistari. Sasa ukitegesha kifaa pembeni kidogo tu, nyuzi hizohizo zinageuka nyeusi, na mtu asiye na uzoefu anaandika "kano imechanika". Kumbe kilichokosewa ni pembe ya kifaa. Ndiyo maana nasema ubora wa kipimo hiki uko mkononi mwa mtu zaidi ya kwenye mashine. Wataalamu wetu wengi wamezoea tumbo na ujauzito, na humo ni hodari. Bega ni somo jingine. Kabla ya kutoa nauli, piga simu au mtume mtu akaulize hivi: "Nani hapo anapima bega, na anapima mara kwa mara?" Anza kuuliza hapohapo Tanga, hospitali ya mkoa ya Bombo. Wakikosa, uliza hospitali ya KCMC Moshi au Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili, Dar. Na kwenye fomu mwombe daktari asiandike "altrasaundi ya bega" tu. Aandike bega la kulia, linauma tangu lini, mkono hauzunguki, mgonjwa ana kisukari, na swali lenyewe: kano imekatika? kuna chokaa? kuna maji? Anayepima akipewa swali anatafuta jibu. Asipopewa anazungusha kifaa na kuandika "kawaida".

Kuna jambo nataka ulijaribu nyumbani kabla ya yote. Simama, viwiko vyote viwili vibane ubavuni, vikunje kama unayebeba sinia, halafu peleka viganja nje, kila mmoja upande wake. Mkono wa kushoto utakwenda. Wa kulia ukikwama njiani, mwambie binti yako akusaidie kuusukuma taratibu, kiwiko kikiwa palepale ubavuni. Kama wewe huwezi lakini yeye anaweza kuupeleka, tunashuku kano. Kama naye anakuta umegoma, kama mlango uliofungwa kwa ndani, basi tunashuku mfuko wa kiungo umekakamaa, yaani bega limeganda.

Mimi kwa maelezo yako naliweka la pili mbele. Mwanamke kati ya miaka 40 na 60, kisukari, hakuanguka, maumivu yalianza polepole, usiku hayampi usingizi, mkono hauendi nyuma wala juu, eksirei safi. Kisukari kinachangia sana bega kuganda, na wenye kisukari hulipata gumu zaidi kupona. Ugonjwa huu haukusababishwa na cherehani, ingawa kazi ya kunyoosha mkono kutwa inaweza kuzidisha maumivu.

Kama ndilo hilo, nakuandaa kwa jambo moja: altrasaundi yako inaweza kurudi karibu safi pia. Mtaalamu mzuri anaweza kuona mfuko au kano ndogo ya mbele imenenepa, lakini ugonjwa huu unatambuliwa zaidi kwa mikono ya daktari anapolizungusha bega kuliko kwa picha yoyote. Kazi ya altrasaundi hapa ni kuondoa washukiwa wengine. Usije ukasoma "hakuna tatizo" ukarudi nyumbani kulia kwamba unaonekana mzushi. Na kinyume chake pia: ripoti ikisema kuna mpasuko mdogo wa kano, usikimbilie kufikiri upasuaji. Watu wengi waliovuka miaka 60 wana kano zilizochanika na hawana habari, wanalima na kubeba wajukuu. Picha peke yake haitoshi mpaka ilingane na kinachoonekana kwenye mkono.

Shemeji anakutakia mema, ila MRI si ngazi ya kwanza. Inahitajika tukitaka kuona ndani ya mfupa, gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa) ya ndani kabisa ya kiungo, au tukishuku uvimbe, au daktari wa mifupa akijiandaa kupasua. Altrasaundi haiwezi kupenya mfupa, huko imeshindwa na haijifichi. Bei ya MRI ni mara kadhaa ya altrasaundi, na kwa bega kama lako mara nyingi haibadilishi matibabu. Hiyo pesa weka, utaihitaji kwa nauli za mazoezi. Ukiwa na bima, waulize kwanza kipimo kipi wanakilipia na kama unahitaji rufaa.

Sindano. Inayozungumzwa ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ikichanganywa na ganzi. Jirani hajatunga kutoka hewani. Kuchomwa mara nyingi mno kwenye kiungo kimoja kunaweza kudhuru gegedu, na kuchomwa ndani ya kano yenyewe kunaweza kuidhoofisha mpaka ikakatika. Kwa hiyo madaktari wengi hawazidishi mara tatu au nne kwa mwaka kwenye kiungo kimoja. Lakini sindano moja mahali sahihi, kwa bega linaloganda likiwa bado kwenye kipindi cha maumivu makali, mara nyingi inampa mgonjwa wiki kadhaa za nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayomwezesha kufanya mazoezi. Kusema kila sindano ya kiungo inaozesha mfupa ni maneno ya kibarazani.

Altrasaundi ya kuongoza sindano ndiyo ile kazi ya pili niliyoitaja. Daktari anashika kifaa mkono mmoja na sindano mwingine, anaiona kwenye kioo kama mstari mweupe unaoingia, anajua imefika kwenye mfuko au bado. Inapendeza kuiona, na kwenye nyonga, au karibu na mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu, mimi singekubali kuchomwa bila hiyo. Kwenye bega nitakuwa mkweli kwako: tafiti zilizolinganisha sindano za bega za kuongozwa na picha na zile ambazo daktari mzoefu anapapasa mfupa na kuchoma, kwa upande wa maumivu tofauti ilikuwa ndogo au haikuonekana. Kwa hiyo ukimpata daktari wa mifupa mzoefu hapo mkoani asiye na mashine, usifunge safari ya Dar kwa ajili ya kioo tu. Kuna pia mahali wanajaza maji ya chumvi pamoja na dawa ndani ya mfuko ili kuutanua, na hilo wakilifanya, kuongozwa na picha kunasaidia wajue maji yanaingia wapi.

Kuhusu sukari umesikia sawa. Steroidi ya kwenye kiungo inavuja kwenye damu na sukari inapanda, kwa kawaida kwa siku chache, kwa wengine mpaka wiki nzima. Usimfiche daktari. Mwonyeshe daftari lako la sukari, na kama sasa hivi iko juu sana, mkubaliane kuishusha kwanza. Ukishachomwa, pima mara nyingi zaidi ya ulivyozoea kwa wiki hiyo, na muulize mapema ufanye nini ikivuka kiasi atakachokutajia. Hivyo vidonge vya maumivu navyo, kwa mwenye kisukari anayevimeza miezi, vinaweza kuumiza figo. Mwambie umemeza vipi na kwa muda gani.

Wakati unasubiri, inama mbele ukishika meza kwa mkono wa kushoto, wa kulia uuache uning'inie na kuuzungusha duara ndogo, kisha ukubwa unaoweza. Fanya hivyo mara kadhaa kwa siku, baada ya kuoga maji ya moto ni rahisi zaidi. Siku zikiwa na nafuu, simama mbele ya ukuta utembeze vidole kupanda, uweke alama ya chaki walipofika. Ukijikaza mpaka usiku ukalia, umezidisha. Na tafadhali usimpe mtu yeyote akuvute huo mkono kwa nguvu, hata awe na sifa ya kuchua mtaa mzima. Bega lililoganda huachia, ila kwa mwendo wake: mwaka mmoja mpaka mitatu ni kawaida, na wengine hubaki na ukakasi kidogo. Najua si habari ya kufurahisha kwa fundi anayeishi kwa mkono huo.

Kuna hali ambazo hazisubiri foleni ya kipimo. Bega likiwa jekundu, la moto, na una homa, nenda siku hiyohiyo, maana kiungo chenye usaha ni dharura na kwa mwenye kisukari zaidi. Kwa kiungo kama hicho, sindano ya steroidi ni marufuku.

Sasa baba. Uvimbe laini nyuma ya goti, wa ukubwa wa yai, mara nyingi ni maji ya kiungo yaliyojikusanya kwenye kifuko pale nyuma, na chanzo huwa goti lenyewe: kusagika, kuchanika ndani, au gauti (jongo). Ndiyo, apime altrasaundi, na kwake ni kipimo kizuri kuliko hata kwako, kwa sababu maji yanaonekana waziwazi. Kama kuna gauti, mtaalamu anaweza hata kuiona chumvi yake imelala juu ya gegedu. Kitakachofichika ni vile vitu vya ndani kabisa ya goti, pete za gegedu na kano za katikati. Huko ndiko MRI ina haki yake. Ila mtazame mguu kila jioni. Kifuko hicho kikipasuka maji yanashuka kwenye shavu la mguu, linavimba na kuuma sawasawa na damu iliyoganda kwenye mshipa, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Mwaka 1972 McDonald na Leopold waliandika kwenye jarida la Uingereza la radiolojia wakionyesha kwamba altrasaundi inavitofautisha. Kwa hiyo shavu la mguu likivimba ghafla, asisubiri siku ya kliniki wala asikandwe, aende siku hiyohiyo. Na akibanwa pumzi au kifua kikimuuma, ni kukimbia.